Mgongo wa Chini Kabisa

Jumatatu, 4 Machi
Bawasiri. Nimeliandika neno mara moja, sitalirudia. Kazini nimesema ni mgongo. Nyumbani vilevile. Ijumaa nina usaili wa ukuu wa masjala, nafasi niliyoisubiri miaka tisa, mbele ya wakubwa watatu na kiti kimoja cha mbao tupu. Mpinzani wangu ni karani wa meza ya pili, tunayemwita Kamusi kwa sababu husahihisha hata salamu za watu. Leo ameniuliza mbona nimeegemea upande kama kabati lililovunjika mguu. Nimemjibu kwamba ndivyo ninavyofikiri.

Jumanne, 5 Machi
Nimebuni kitu. Tyubu ya baiskeli ya mtoto, upepo nusu, ndani ya foronya. Raha tupu hadi saa nne, kwenye kikao cha idara. Nikainama kuokota kalamu. Tyubu ikaanza kutoa upepo, taratibu, kwa sauti ndefu isiyo na haya. Mkurugenzi akakatiza hotuba yake. Nikamtazama Kamusi kwa masikitiko, kisha nikainuka kufungua dirisha lililo karibu naye. Wote wakamgeukia yeye. Sikupanga, lakini ushindi ni ushindi.

Jumatano, 6 Machi
Nimekalia barafu bila kitambaa. Siandiki zaidi.
Mke wangu alinikuta nimelala kifudifudi nimeng'ata mto, akamwita dada yake, ambaye ni muuguzi. Shemeji hakuuliza mengi. Alinitazama nikipanda ngazi mbili za mlangoni, akasema, "Shemeji, huo mgongo wako umeshuka sana." Nikakiri. Akanipa masharti: nikalie beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku. Mboga, matunda, maji mengi. Nisijikaze chooni wala nisikae humo na gazeti. Nikiona damu, au isipopoa ndani ya wiki, hospitali. Nikasema nitalifikiria.

Alhamisi, 7 Machi
Beseni! Sijawahi kupenda chombo namna hii. Nimekula papai zima na maharage sahani mbili. Jioni mke wangu aligonga mlango, akitaka beseni lake afulie. Nikamwomba avute subira, lina kazi nyeti. Maumivu yamepungua nusu. Sifa nazipeleka kwa tyubu, ambayo bila shaka ndiyo iliyofungua njia.

Ijumaa, 8 Machi
Kamusi aliingia kabla yangu, akatoka anatabasamu. Zamu yangu ikafika. Nikakitazama kile kiti. Mwenyekiti wa jopo akanikaribisha kuketi.
"Mheshimiwa," nikasema, "masjala haiongozwi kwa kukaa. Faili halitembei lenyewe."
Nilijibu maswali yote nimesimama, dakika arobaini. Mwenyekiti aliandika jambo akalipigia mstari mara mbili. Saa nane wametangaza: mkuu wa masjala ni mimi. Kamusi, nasikia, alimsahihisha mwenyekiti matamshi.

Jumatatu, 11 Machi
Ofisi yangu mwenyewe, yenye mlango. Mgeni wa kwanza amekuwa Kamusi. Ameufunga mlango nyuma yake, akakataa kiti, akauliza kwa sauti ya chini ule mgongo wangu niliutibuje. Nimemtazama alivyosimama, miguu ameitanua, nikaelewa. Nilitaka kumcheka. Sikuweza, maana najua. Nimemweleza beseni hatua kwa hatua, kana kwamba nimelivumbua mimi. Amenishika mkono kwa mikono miwili akaniita bingwa. Nimekosea maneno mawili kwa makusudi. Hajasahihisha hata moja.

Alhamisi, 14 Machi
Maumivu hakuna kabisa. Mboga nimewaachia wenye shida. Leo nimelisoma gazeti lote chooni, mpaka matangazo ya viwanja.
Jino la nyuma limeanza kunidunda tangu asubuhi. Shemeji amesema niende kwa daktari wa meno upesi. Nimemwambia ni sikio tu. Watu wa kawaida ndio wanaohitaji daktari. Mimi nina mpango, na unahitaji uzi imara na kitasa cha mlango.