Hisa Mia Moja na Magoti ya Babu

Jumamosi, 3 Machi

Nimeshinda! Insha yangu imekuwa ya kwanza kati ya shule zote. Bahasha ya zawadi iko chini ya godoro. Mama anasema iende benki. Kaka anasema nimkopeshe. Hawajui kuwa nimeshapata shauri kubwa zaidi.

Gazeti la leo, ukurasa wa tisa: lile shirika la ndege za bei poa linauza hisa kwa wananchi. Watu kama mimi! Nitanunua hisa, hisa zitaleta gawio, na gawio litamrusha Babu.

Maana Babu hajawahi kuruka. Miaka ishirini na sita alishona viti vya ndege za shirika la zamani, lile lililokufa. Alivikalia vyote, lakini ndege ikiwa chini. Tiketi yake ya bure ilikuwa ije siku ya kustaafu. Shirika likamtangulia kustaafu kwa mwezi mmoja. Badala ya tiketi akapewa viti vitatu vilivyoungana, na ndivyo vilivyoko sebuleni mpaka leo. Nilipokuwa mdogo tulisafiri navyo kila Jumapili. Babu rubani, mimi katikati, Bibi dirishani na mkoba wake mapajani, akigawa peremende ili masikio yasizibe. Tangu Bibi afariki, kiti cha dirishani hakikaliwi.

Kaka anasomea uhasibu chuoni, basi kila kitu anajua yeye. Akauliza kwa nini nisichukue zawadi nikamkatia Babu tiketi moja kwa moja, kwani inatosha. Nikamweleza polepole, kama mtu anavyomweleza mtoto: tiketi ni yai, hisa ni kuku. Akasema kuna kuku wengine hawatagi.

Wivu.

Jumapili, 4 Machi

Mwalimu wa biashara hutuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Basi kwanza ukaguzi. Nimeanza na Shangazi. Aliwahi kupanda ndege hizo mara moja, miaka miwili iliyopita, na kwa jinsi anavyosimulia, bado hajashuka. Anasema maji yanauzwa. Mkoba unalipiwa. Mhudumu anatabasamu, lakini ukimwomba kitu tabasamu linafungwa kama duka.

Na magoti? Magoti, alisema, yalimfika kifuani. Nikamkalisha kwenye kiti cha Babu, nikasogeza kabati la vyombo mbele yake kidogo kidogo, mpaka akapiga ukelele: "Hapo! Hapo hapo! Mungu wangu, niko angani tena!"

Nimepima kutoka egemeo hadi kabati. Rula mbili na vidole vitatu.

Jumatano, 7 Machi

Jaribio. Safari ya saa moja na nusu, kabati likiwa mahali pake papya. Abiria wawili, Babu na Kaka. Kiti cha Bibi nimekiacha.

Kaka alianza kugombania mkono wa kiti dakika ya tatu. Dakika ya kumi akataka kwenda msalani. Nikamwambia msalani kunalipiwa. Maneno aliyonijibu hayafai kuandikwa na msichana aliyelelewa.

Babu ana namna yake ya kupima kiti. Hufumba macho, huweka mikono mapajani, husubiri mgongo useme. Mgongo ukinyamaza, kiti kimefaulu. Kiti kizuri, anasema, ni kile unachokisahau. Lakini Babu ni mrefu. Kazini walimwita Mlingoti. Alipojisogeza kidogo tu, goti likapiga kabati, na kikombe cha Mama chenye maua kikaanguka. Hata hakufumbua macho. Alikuwa ameshaanza kusimulia. Siku zile abiria alikunja nne bila kumgusa mtu. Na kila kiti alichoshona alikitia mshono mmoja wa uzi mwekundu, chini ya mkono wa kushoto, mahali ambapo hakuna abiria aliyewahi kuuona. Nikauliza una faida gani sasa, kama hauonekani. Akasema ni ili kiti kijue kina mwenyewe.

Matokeo: starehe, mbili kwa kumi.

Nimefikiri sana. Magoti yakibanwa, viti vinaongezeka. Viti vikiongezeka, faida inaongezeka. Nanunua! Kaka anauliza eti niko upande wa magoti au upande wa faida. Ndiyo maana hajawahi kushinda insha.

Jumatatu, 12 Machi

Mimi ni mwanahisa. Hisa mia moja! Ndiyo idadi ya chini kabisa, lakini dalali wa hisa hakucheka. Ana feni moja, na ameielekeza kwake. Mama alitia sahihi kwa niaba yangu huku akiguna kila ukurasa.

Shuleni nimetembea polepole siku nzima. Nyumbani Kaka akanipokea mlangoni kwa kuinama: "Karibu, bi mwanahisa. Masufuria yanakungoja kwenye kikao."

Jumamosi, 24 Machi

Mkutano wa wanahisa! Shirika halikukodi ukumbi. Tumekutana karakana ya ndege, kwenye viti vya plastiki. Babu alinisindikiza. Alipofika mlangoni akasimama.

Ilikuwa karakana yake.

Akanionyesha meza yake ilipokuwa, chini ya dirisha la juu. Akanionyesha msumari ukutani alipokuwa akitundika mkasi. Bado upo! Akaugusa kwa ncha ya kidole. Akavuta pumzi, akasema hata harufu ya gundi ni ile ile. Mafundi vijana walipita wakimwamkia shikamoo, mzee. Akawaitikia mmoja mmoja, akiwatazama usoni kama anayetafuta mtu. Hakuna aliyemjua.

Mwenyekiti akaleta hoja: kila ndege iongezwe safu mbili za viti. Wanaokubali wanyooshe mkono. Nikafikiria gawio. Nikamfikiria Babu mawinguni. Nikanyoosha mkono. Kisha, kwa uhakika zaidi, nikanyoosha na wa pili.

Baadaye tukaruhusiwa kuingia ndani ya ndege iliyokuwa humo. Babu akachagua dirishani. Magoti yakagoma. Akajaribu la kulia, akajaribu la kushoto, mwishowe akakaa upande kama mtu anayepigwa picha. Akapitisha kidole chini ya mkono wa kiti. Gundi tupu, alisema, hakuna uzi. Lakini akafunga mkanda. Akatazama nje. Huko nje kulikuwa na ukuta wa karakana na ngazi iliyoegemezwa. Akautazama ukuta ule muda mrefu, akitabasamu. Mhudumu akaja kutwambia tushuke. Babu akamwomba dakika moja tu, mwanangu.

Nimeamua. Nauza hisa, namkatia tiketi. Kaka asijue kuwa alisema hivyo hivyo.

Jumanne, 27 Machi

Nimekwenda kwa dalali kuuza. Zimepanda! Kwa ajili ya zile safu mbili, yaani kwa ajili ya mkono wangu. Mikono yangu. Nikiuza leo napata tiketi ya Babu na chenji juu. Dalali akasema, huku feni ikimpepea, kwamba bado zinapanda.

Mtu mwenye akili hachumi embe likianza tu kuiva. Nitauza Ijumaa. Tiketi mbili! Mimi na Babu, bega kwa bega.

Ijumaa, 30 Machi

Zimeanguka. Wakaguzi wa usalama wamekataa zile safu mbili. Dalali alinigeuzia feni. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Nimeuza. Hela zilizobaki zinatosha kumsafirisha Babu kuanzia magotini kwenda chini.

Nimelia bafuni, bomba nikiliacha wazi nisisikike. Kaka alisikia. Nilipotoka nilingoja anicheke. Hakunicheka, na hilo lilinitisha zaidi. Akachukua bahasha, akajazia kwa hela zake za viatu, akasema twende kabla hawajafunga. Kwa wakala wa tiketi alisisitiza safu ya mbele kabisa, kwa sababu mbele hakuna kiti cha kubana magoti. Kumbe alikuwa akisikiliza wakati wote wa jaribio langu. Safari ni Jumamosi ya tarehe 14 Aprili, kwenda asubuhi, kurudi jioni. Viatu vya Kaka vina tundu. Leo ndio nimeliona.

Jumamosi, 31 Machi

Babu ameisoma tiketi mara tatu, mara ya tatu bila miwani. Kisha akainuka, akalirudisha kabati mahali pake pa zamani, akatuita tukae. Mimi katikati, Kaka kando. Yeye akasimama mbele akatangaza hali ya hewa, kwa sauti ile ile ya zamani, kupitia pua. Akatoa peremende mfukoni. Moja yangu. Moja ya Kaka, ambaye ana ndevu. Moja akaiweka kwenye kiti cha dirishani.

Tulitua salama. Shangazi alituchungulia mlangoni, akauliza kama kuna nafasi.

Tiketi Babu ameiweka chini ya mto wa kiti cha Bibi. Hapo, anasema, ndipo mahali salama kuliko pote nyumbani, maana hakuna anayethubutu kupagusa.

Jumapili, 8 Aprili

Nimejifunza. Hisa basi, sitaki hata kuzisikia. Nimemwahidi Mama, nimemwahidi Kaka, nimeandika hapa kwa wino.

Leo nilipita kwa wakala wa tiketi. Kumsalimia tu. Akaniambia, bila mimi kumuuliza sana, kwamba safari ya tarehe 14 imekaribia kujaa na tiketi zake zimepanda bei karibu mara mbili! Mara mbili! Kuna watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Yaani chini ya ule mto kuna kuku, anataga, na sisi tumekaa tu! Tukimrudishia wakala aiuze leo, tukangoja bei ishuke, tutanunua mbili. Dirishani na katikati. Safu ya mbele.

Nilimgusia Kaka wakati wa chakula. Akabeba sahani yake, akaenda kulia nje. Babu yuko chumbani, anapiga pasi koti lake kwa mara ya nne, anaimba.

Kiti cha Bibi, nimekitazama vizuri, kina vumbi kidogo. Kesho nikitoka shule nitajitolea kukifuta.