Malalamiko Dhidi ya Mke Asiyepiga Smashi

Majengo, Dodoma
Julai 1993

Kwa Mwalimu Harithi,
Mshenga wangu na mwalimu mstaafu wa michezo,
Kondoa.

YAH: KHAIRAT, MKE ULIYENILETEA, NA NAMNA ANAVYOCHEZA MPIRA WA MEZA

Mwalimu, shikamoo. Assalaam alaykum. Natumaini baridi ya huko haijakuonea. Sisi hapa wazima, upepo na vumbi tu ndivyo vinatusumbua, na barua ingeweza kuishia hapo kama ningekuwa muungwana kuliko nilivyo.

Nakuandikia wewe kwa sababu mbili. Kwanza, wewe ndiye mshenga. Ulikaa kwa baba yangu ukazitaja sifa za binti wa watu mpaka chai ikapoa. Kwa desturi zetu ndoa ikipata ufa mtu haanzi kwa kadhi wala kwa balozi wa mtaa, anaanza kwa mshenga, kwa kuwa ndiye aliyesema huyu anafaa. Pili, ni wewe huyohuyo uliyemfundisha Khairat mpira wa meza alipokuwa mwanafunzi wako. Bidhaa umeitengeneza wewe na kuinadi ukainadi wewe. Soko huria limekuja na mambo mengi, lakini halijamwondolea muuzaji wajibu wake. Siku ile ulisema anasali, anajua kupika, ana heshima kwa wakwe. Hukusema hata mara moja kwamba anacheza kwa kujihami. Hilo ni jambo ambalo mwanamume anapaswa kuambiwa mapema.

Naomba sasa nitoe malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Anasimama mbali na meza. Watu wengine wote husogelea meza kama wenye njaa. Khairat anarudi nyuma mpaka mgongo unakaribia kugusa kamba ya nguo, maana meza yetu ya mninga iko uani, kisha anausubiri mpira ushuke hadi usawa wa goti. Hapo ndipo anaukata kwa chini, taratibu, kama anayekwangua ukoko wa sufuria. Mpira unarudi umejaa hila, ukiugusa vibaya kidogo unazama wavuni. Kiufundi siwezi kumlaumu. Mkono wake umelegea inavyotakiwa, macho hayatoki kwenye mpira, na karibu kila anachorudisha kinaangukia ukingoni kabisa mwa meza, mahali ambapo mshambuliaji hapati nafasi ya kuzungusha bega. Ninachokilaumu ni ule utulivu. Mimi napiga jasho linanitoka, yeye anarudisha huku ananiuliza kama nimefunga duka vizuri.

2. Raketi yake. Upande mmoja una raba ya kawaida, upande wa pili una ile ya vipele virefu uliyompa wewe kama zawadi ya harusi. Wengine hutoa masufuria. Mimi nimeagiza yangu kutoka Dubai kwa mfanyabiashara wa Uhindini, raba nyekundu inayonata kama gundi. Nikiupiga mpira kwa mzunguko mkali, vile vipele haviuzuii mzunguko ule, vinanirudishia mwenyewe kinyume chake. Maana yake ni kwamba jioni nzima nashindana na nguvu zangu mimi. Nimeuliza klabuni kule Area D kama hilo ni halali. Wakanijibu ni halali kabisa, wakacheka kwa muda mrefu usio wa kiungwana.

3. Udanganyifu. Mkono wake unakwenda kwa namna ileile kila mara, lakini mpira hauji vilevile. Mara umekatwa sana, mara haukukatwa hata kidogo. Huo wa pili ndio unaoua. Unaunyanyua kwa nguvu ukidhani umekatwa, nao unapaa mpaka kwa jirani. Ndugu Batholomeo wa wizarani, ambaye ana viatu maalumu vya mchezo na anasema alicheza akiwa masomoni Ulaya, alicheza naye klabuni akaipiga nje mipira ya namna hiyo karibu seti nzima, mbele ya watumishi wenzake, kisha akasema taa za ukumbi hazifai. Nilimcheka hadharani. Halafu nikakumbuka kwamba yeye Batholomeo anakwenda zake, ila mimi ndiye ninayerudi nyumbani na Khairat.

4. Hashambulii. Tangu tuoane sijaiona smashi yake. Mpira wa juu, unaoweza kupigwa hata na bibi harusi mwenye hina mbichi viganjani, yeye anaukata na kuurudisha. Mwalimu, serikali imefungua mipaka, kila mtu anauza na kila mtu anashindana. Duka langu la mitumba limezungukwa na maduka mengine ya mitumba. Hata vyama vya siasa sasa vimeruhusiwa kurushiana madongo. Mke wangu peke yake ndiye aliyebaki na sera ya kusubiri. Nikimwuliza kwa nini, anasema mwalimu wake alimfundisha kwamba mpira ambao haujaiva haupigwi. Mwalimu wake ni nani, sisemi.

5. Ameuingiza mchezo huu ndani ya ndoa. Hapa naomba uifute miwani kwanza. Nikichelewa kurudi, anasema sawa. Nikisahau unga, sawa. Nikimletea wageni bila taarifa, sawa, na anauliza kama wanakula ubwabwa. Wake wa wenzangu hununa. Hufunga virago wakaenda kwa shangazi, wakabembelezwa na doti ya khanga, wakarudi na maringo. Barazani wenzangu wanalalamika kwa raha zao, mimi nakaa pale kama mtu aliyekosa mwaliko. Wanasema nina bahati. Bahati gani hii, Mwalimu, mtu kuishi na mwanamke miaka bila kujua kama anapendwa au anavumiliwa? Hilo ndilo linaloniuma. Vipele na kukata ni maneno tu.

6. Kwa sababu hiyo mwezi jana nilibadili mbinu. Wajuzi wanasema mchezaji wa kujihami usimpige kwa nguvu mfululizo, anafurahi. Mvute kwanza mbele kwa mpira mfupi, ndipo umpige wa nguvu akiwa amekosa mahali pa kusimama. Basi jioni moja nikausifia uji wake, huo ndio mpira mfupi. Kisha nikapiga. Nikamwarifu kwamba nimeamua kuoa mke wa pili. Nikaweka kikombe chini, nikasubiri mlango ubamizwe. Akasema, "Sawa. Wa wapi?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, maana mke mwenyewe hakuwepo. Nikasema wa Kolo, kwa kuwa ni mbali. Akauliza jina. Nikasema Mgeni, jina la kwanza lililonijia mdomoni. Akasema sawa, akaniongeza uji.

7. Sikiliza sasa yaliyofuata. Baada ya siku chache akaniambia ameulizia kwa watu wa Kondoa, na Mgeni wa Kolo yupo kweli, mwanamke wa tabia njema. Halafu akaniambia amemtumia kitenge kwa basi na kimepokelewa vizuri. Juzi amekipaka chokaa kile chumba cha uani. Jana amesema kaka zake Mgeni wananitazamia mwisho wa mwezi, na akanishauri ninyoe. Kila ninachopiga kinarudi, na kila kinaporudi harusi imesogea. Mchimba kisima huingia mwenyewe, najua, lakini sikujua kisima chenyewe kitapakwa chokaa. Mwalimu, simtaki huyo Mgeni. Simjui. Namwogopa. Nikisema nilidanganya, nitachekwa hapa Majengo mpaka habari zifike mnadani kwa wauza ng'ombe. Nikinyamaza, naoa.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Uje upesi, na kwa mamlaka yako ya mshenga na ya mwalimu umwagize Khairat ashambulie. Akatae, anune, avunje hata sahani, nitanunua nyingine. Ikishindikana, nitaiandikia kamati ya mchezo ya mkoa iwapige marufuku wanawake walioolewa kucheza kwa kujihami, kuanzia hapa hadi Mpwapwa, na raba za vipele zihesabiwe pamoja na bangi. Ikishindikana hilo nalo, basi uje umchukue mwanafunzi wako umrudishe Kondoa, umfundishe smashi ambayo ulisahau kumfundisha, kisha umlete tena. Nitamposa upya, na safari hii nitauliza maswali.

Nisalimie mama nyumbani, nisalimie binti yako Salwa na watoto wake, na wote mnaoswali nao msikiti mmoja, na yule jirani yako aliyeniambia siku ya harusi kwamba nimeokota dodo. Mwambie nalitafakari hilo dodo.

Ni mimi mwanao, mwenye kukuheshimu na kukulaumu kwa kiasi kilekile,

Abdulnasiri

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, Khairat akaingia kuniuliza kitanda cha chumba kipya kiwe cha mbao au cha chuma. Sikuwa tena na nguvu ya kupiga. Nikamwuliza tu, kama mtu aliyechoka anavyouliza, "Wewe unataka nioe au hutaki?"

Akakaa kitandani. Akasema, "Sitaki. Mwezi mzima unaniarifu. Leo ndiyo umeniuliza."

Kisha akaanza, Mwalimu. Alinipiga kushoto, akanipiga kulia, akanipiga pale katikati ambapo mtu hajui atumie mkono upi. Amesema nikioa anapanda basi la Kondoa asubuhi yake, na meza anaondoka nayo. Amesema mimi ni mpumbavu. Amesema usiku ule wa uji hakulala. Mgeni wa Kolo ni shangazi yake, ana wajukuu, amekishukuru kitenge. Kaka wanaonitazamia hawapo. Chumba kilikuwa kinahitaji chokaa tangu mwaka jana, nami sikuwahi kukitazama. Amelia kidogo, na mimi sikubaki nyuma.

Basi usije kumwonya mtu. Hayo ya namba moja mpaka saba yafute, na kamati usiiambie kitu. Ukipata nafasi njoo ule tu. Sijawahi kufurahi hivi tangu ile jioni ulipovua viatu mlangoni kwa baba ukasema kwao wamekubali.