Sahani Haina Kibaraza

Jumatatu, 4 Agosti

Mama amefika kukaa nasi wiki nzima. Furaha kubwa! Nimempokea mizigo mwenyewe, nimemkalisha kwenye kochi zuri kuliko yote, nililolishona kwa mikono yangu. Akakaa, akasema springi moja inachoma. Sawa.

Jioni, wali na maharage. Mheshimiwa, yaani mwanangu, miaka sita, akasukuma sahani. Ina vitunguu, hataki. Nikaweka kijiko chini nikasubiri kwa raha zangu zote. Leo ndiyo leo! Mtoto huyu hamjui bibi yake kama ninavyomjua mimi. Mezani kwa Mama sheria zilijulikana. Kunawa kwa kufuata umri. Kutosema na chakula mdomoni. Maji baada ya kumaliza. Kutochambua vitunguu na kuvipanga ukingoni, maana sahani, alisema Mama, haina kibaraza. Na kubwa kuliko zote: hakuna kuinuka mpaka sahani iwe nyeupe.

Mama akavuta sahani ya Mheshimiwa. Akachambua vitunguu kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Akavipanga ukingoni. Kibarazani! Kisha akamrudishia na kumbembeleza ale, eti mume wake.

Wali ukanipalia. Nikanyoosha mkono kuchukua maji. Mama akaniambia nimalize kwanza.

Jumanne, 5 Agosti

Usingizi wa mang'amung'amu. Nimelikumbuka boga. La kuchemsha, limelegea, linakutazama. Utotoni sikulipenda boga, wala karoti, wala kiini cha yai, na Mama akanibatiza Bwana Chagua. Ndugu zangu wanne wakimaliza huenda kuosha vyombo, nawasikia wanacheka. Mimi nimebaki. Mama huvuta kiti mbele yangu, kikapu cha nguo za kushona mapajani, akanilinda kama askari wa zamu. Boga linapoa, giza linaingia, mimi na yeye tu. Hayo ndiyo malezi niliyopata mimi! Na huyu anachambuliwa!

Mbinu ya kwanza: kumkumbusha Mama sheria zake kwa heshima. Wakati wa chakula nikasema, kama mtu anayepitisha maneno tu, kwamba nidhamu ya mezani ndiyo iliyotufanya watu. Mama akasema hayo ni mambo ya zamani, tumbo la mtoto linajijua. Tumbo linajijua! Na langu lilikuwa halijitambui? Mke wangu akaangalia dari ili asicheke. Mheshimiwa akateremka kitini, nusu sahani imejaa, akaenda zake kucheza.

Nami nikainuka, kunyoosha mgongo tu. Mama akauliza nakwenda wapi na sahani ile.

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu ya pili. Kabichi na karoti! Hakuna kitu Mheshimiwa anachokichukia kama hicho. Nimepita sokoni baada ya kazi, nimechagua kabichi kubwa, muuzaji mwenyewe kaniuliza kama nina shughuli. Nikasema ndiyo, ninayo.

Mheshimiwa akaona sahani, akafunga mdomo. Akafunga na macho. Nikafikiri, sasa bibi hana pa kukimbilia, chakula ni hicho kimoja. Mama akainuka akaingia jikoni na kumkaangia yai. Akakata na kingo zile za kahawia, kwa sababu mume wake hazipendi. Mimi siku niliyothubutu kuomba yai badala ya boga, niliongezewa boga.

Kisha Mama akauliza nani kanunua kabichi lote hili. Nimekula sahani mbili. Limebaki la kutosha mpaka Jumapili. Nina wivu? Ndiyo, ninao, tena wa kijicho! Mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, fundi makochi ninayejulikana, namwonea kijicho mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Basi na iwe hivyo. Sijasema popote isipokuwa humu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu ya tatu, na hii nilikuwa na hakika nayo. Kama Mama huwachambulia wanaokataa, na mimi nitakataa. Mchana nikafunga karakana nikaja nyumbani. Maharage tena. Nikasukuma sahani kwa kidole kimoja, kama nilivyomwona Mheshimiwa anavyofanya, nikasema vitunguu sivitaki.

Mke wangu akabaki na kijiko hewani. Mheshimiwa akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake. Mama akanipima kuanzia nywele hadi vifungo vya shati. Kisha akasema nitakaa hapo hapo.

Wote wakainuka. Mama akavuta kiti mbele yangu. Akasema nivue shati, lina kifungo kinachoning'inia, akatoa sindano. Nikakaa na fulana kama mfungwa. Akaniuliza kazi inakwendaje, mgongo bado unaniuma, sponji siku hizi zinatoka wapi. Nikamjibu kwa mkato. Mfungwa hapigi soga na askari! Akanisimulia marehemu Baba alivyowahi kukalia kikapu chake cha kushonea siku ya kuposa, na sindano zikiwa ndani. Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa bahati mbaya.

Nilipomaliza jua lilikuwa limeshapinda. Mwalimu mkuu, mwenye makochi niliyoahidi kumkabidhi leo, alifika karakana akakuta kufuli. Amenipigia simu. Kumbe walimu wakuu nao wanajua matusi. Na vitunguu? Hakuchambua hata kimoja!

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempigia Dada kumshtakia. Yeye ni mkubwa wetu, aliyaona yote, atanionea huruma. Nikamweleza kila kitu: kibaraza, yai, kingo, fulana. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Akasema wao ndio waliokuwa wakinionea wivu mimi. Mimi! Eti tulikuwa watano tukigombania mama mmoja asiyekaa chini kutwa nzima, na kila jioni aliyempata peke yake ni mimi, kwa ajili ya kipande cha boga. Wao walikuwa jikoni na masufuria, wanajilazimisha kucheka kwa sauti ili nami niwaonee wivu. Siku moja Dada naye aliapa kukataa karoti ili akalishwe pale. Zikawa tamu, akazimaliza kabla hajakumbuka kiapo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaniambia nitulie, niyafikirie hayo.

Nimeyafikiria. Nimeyafikiria mpaka nikajigonga nyundo kidole gumba, na makochi ya mwalimu mkuu bado hayajakwisha. Kwa hiyo miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa mshindi, na hakuna aliyeniambia!

Nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mheshimiwa alikuwa mlangoni anachezea kizibo. Nikachuchumaa, nikamweleza taratibu kwamba yeye akikataa chakula hupewa yai na kuachwa aende zake, lakini mimi nikikataa, Bibi huvuta kiti na kukaa nami mpaka mwisho. Kwa hiyo nani zaidi? Akatia kizibo mfukoni, akaingia ndani kwa bibi yake. Hoi! Leo nitalala usingizi mtamu.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikosea kumpa adui siri.

Mama alikuwa aondoke leo na basi la saa nane. Begi lake lilikuwa tayari mapajani. Chakula cha mchana, mabaki ya kabichi langu. Mheshimiwa alipakuliwa. Hakusukuma sahani. Alikunja mikono tu. Mama akamwambia aende akacheze, atakaangiwa yai. Akasema hataki yai. Hataki kucheza. Hajamaliza, na ambaye hajamaliza haondoki. Mama akaliweka begi chini.

Nami nikaanza kutafuna polepole. Kipande cha karoti nikakigawa mara nne. Mheshimiwa akainua jani moja la kabichi, akalinusa, akalirudisha. Hodari yule, lazima nikiri. Kila mmoja na jicho kwenye sahani ya mwenzake, na Mama katikati. Mke wangu akasema jamani, basi litaondoka. Mama akasema sheria ni sheria, haziwezi kuwa za watoto tu, na yeye hawezi kuinuka mbele ya sahani mbili zilizojaa. Mke wangu akatutazama wote watatu, akaenda kulala.

Basi likaondoka. Mheshimiwa akasinzia, shavu juu ya meza. Mama akamwinua akampakata. Yaani na mapajani amekwenda! Nilitaka kulalamika, lakini Mama akaanza kusema kwa sauti ndogo. Akauliza kama nalikumbuka boga. Akasema yeye mwenyewe hajawahi kulipenda. Ila siku akilipika alijua nitakataa, na nikikataa ataweza kukaa chini, na ilikuwa ndiyo saa yake pekee ya kukaa. Hata Baba alikuwa hamwiti, akijua yuko na Bwana Chagua.

Nilitaka kumwambia neno. Nikasema kifungo alichoshona kimeshika vizuri.

Akasema haya, nimalizie, akamlaze mtoto. Kijiko kimoja tu kilikuwa kimebaki. Nikakitazama. Nikavuta sufuria, nikajipakulia tena, nikamwambia humu naona mna vitunguu.

Mama akacheka, akasogeza kiti. Mheshimiwa akafumbua jicho moja, akasema na yeye aongezewe.

Kesho kuna basi jingine. Asubuhi na mapema nakwenda sokoni kununua boga.