Vizibo vya Juu ya Gunia

Jumatatu, 10 Novemba
Wiki ijayo mkaguzi wa mnunuzi anakuja kukagua shehena yetu ya vizibo vya mvinyo, vya gome la mti. Anachota hamsini tu, anaviloweka kwenye glasi za maji, kesho yake anavinusa. Vyenye uvundo vikizidi viwili, shehena yote inakataliwa! Bosi wetu, Mzee Quintela, kasema ikipita, mimi ndiye msimamizi wa zamu. Ikikataliwa, ni Ermelinda, mwenzangu wa zamu. Yule anayeniita Adelino Njia za Mkato mbele za watu!
Nimeshapata dawa. Mkaguzi, Bi Felismina, ana mgongo mbovu. Hatainama. Juu ya magunia nitaweka vizibo vya kuchagua.

Jumanne, 11 Novemba
Sikukuu ya Mtakatifu Martinho. Watu wanakula chesnati, zile kokwa za kuchoma, na kunywa mvinyo mpya. Mimi niko bafuni kwa mama, nachagua vizibo. Vizuri, ila vimefifia. Nimevisugua kwa klorini ya mashuka. Vimeng'aa! Kiwandani klorini ni mwiko, inaleta uvundo. Lakini bafu la mama si kiwanda. Mvua haikatiki, nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki vikiwa bado na unyevu. Mama kauliza kama siku hizi kazi wananitupia nyumbani.

Jumatano, 19 Novemba
Bi Felismina kachota vyangu vya juu! Nilitabiri! Nimenyoa nywele kwa ajili ya cheo.

Alhamisi, 20 Novemba
Bi Felismina kanusa cha kwanza, kakunja uso. Cha pili. Cha tatu. Akauliza nani kafulia soksi humu. Ermelinda akainusa glasi, akanigeukia, akaniuliza polepole nimevifanya nini. Nikasema bafu la mama si kiwanda. Ermelinda akambembeleza mkaguzi vya juu vyote vitupwe, achote upya mpaka chini. Magunia yote yakamwagwa sakafuni.

Ijumaa, 21 Novemba
Katika vya chini, hata kimoja hakikuwa na kasoro. Shehena imepita! Nikamkumbusha Mzee Quintela ahadi yake. Akanipa ufagio. Ermelinda ndiye msimamizi. Iliniuma, nikajificha stoo nikalia kidogo.
Jioni akili ikarudi. Mpango ulikuwa mzuri, kilichoniangusha ni klorini tu. Mkaguzi anarudi mwezi ujao, na dukani nimeona sabuni inayonukia waridi. Nani atakataa kizibo kinachonukia waridi? Gunia la kwanza liko bafuni tayari.