Mililita Mbili za Mzee Msimamo

Enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye kazi na wenye kujisingizia kazi, wekeni chini mlichoshika mnisikilize! Hapa hawasimuliwi majemadari waliobomoa ngome, maana hao wamekwisha kusifiwa hata wamevimba vichwa. Hapa anasimuliwa Binti Mirija, mtafiti wa maradhi, mwenye begi la vichupa na viatu vilivyolika upande mmoja, ambaye asubuhi ya Jumamosi aliondoka kwake kwenda kuteka mililita mbili za mate kinywani mwa Mzee Msimamo. Mbili tu, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele kuna jasho.

Asili ya vita hivyo ni hii. Katika ukoo wa Mzee Msimamo, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeingia kama mpangaji asiyetaka kuhama. Ilimchukua kaka yake mkubwa, ikamchukua dada yake, kisha ikamchukua mdogo wake akiwa na miaka arobaini na minne, mtoto wake wa mwisho angali ananyonya. Binti Mirija, baada ya miaka sita ya kuinamia darubini na mashine zenye kelele, alimshika mchawi kwa mkono wake mwenyewe: herufi moja, moja tu, iliyokosewa katika maandishi ambayo mwili huyasoma ili kujijenga. Kosa hilo mzazi humrithisha mtoto, vilevile kama anavyomrithisha pua. Mtoto wa mwenye kosa huweza kulipata au kulikosa, nusu kwa nusu. Atakayekutwa nalo atakaguliwa utumbo kila mwaka, na kinyama kikichomoza kitakatwa kingali kidogo, kabla hakijawa saratani. Atakayekutwa hana, akalale usingizi wake.

Kilichotakiwa basi ni mate kichupani. Lakini Mzee Msimamo, aliyebaki peke yake katika ndugu wanne, alikuwa ametoa amri: "Katika nyumba hii hatemi mtu mpaka niteme mimi. Na mimi sitemi." Watoto wake saba, watu wazima wenye ndevu na madeni, wakafyata mikia wote.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa kitindamimba wake, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, aliyekuwa na miaka arobaini na mitatu. Umri aliofia baba yake mdogo ulikuwa mwakani, naye aliuhesabu kila alipokata kitambaa. Angeweza kwenda maabara kimyakimya, ndiyo. Lakini kuvunja neno la baba yake hakuweza, na kukaa bila kujua nako hakuweza.

Mara mbili Binti Mirija alikuwa ameishambulia ngome ile, na mara mbili alirudi nyuma. Sheria ya kichupa ni kali: nusu saa kabla ya kutema, mtu asile, asinywe, asimung'unye kitu. Safari ya kwanza mtafiti wetu, kwa kuwa alilelewa vizuri, aliletewa chai akaipokea. Ole wake! Mwenyeji gani humwacha mgeni anywe peke yake? Mzee akanywa vikombe viwili kwa heshima yake, na nusu saa ikafa pale pale. Safari ya pili, dakika ya ishirini na nane, shavu la mzee lilionekana limevimba kidogo. Kumbe mlikuwa na pipi ya mnanaa, ambayo tangu aache sigara haikuwahi kukosekana mdomoni mwake.

Ikawa Jumamosi, safari ya tatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja tena?"

"Nimekuja tena."

"Wewe binti ni kupe."

"Ni kweli, baba. Na leo sinywi chai."

Mke wa mzee, mwanamke mpole wa sauti lakini mkali wa jicho, hakungoja kuagizwa. Alimpekua mumewe mbele ya mgeni kama askari wa lango kuu: pipi mbili mfuko wa shati, moja mfuko wa suruali, na ya nne, jamani, ndani ya kibweta cha miwani! Akazifunga kwenye kitambaa akazikalia. Nusu saa ikapita, mzee akiitazama saa ya ukutani kwa chuki.

Binti Mirija akamkabidhi kichupa chenye mstari mweusi ubavuni. "Mpaka hapa, baba."

Ndipo Mzee Msimamo akasimama, akakohoa, akahutubia. "Sikilizeni! Mimi, niliyewakataza wajukuu kutema mate uani, mimi niliyeheshimika kazini miaka thelathini na moja bila barua hata moja ya onyo, leo niteme mbele ya binti wa watu? Marehemu mama alinizaba kofi kwa jambo hilo nikiwa na miaka sita. Shavu hili bado linakumbuka!"

"Basi tutageuka," akasema Binti Mirija. "Jeshi lote, tazama ukuta!"

Naam, wanawake watatu, mtafiti na mke na fundi cherehani aliyekuja kushuhudia, wakajipanga bega kwa bega wakiukodolea macho ukuta uliobanduka rangi. Nyuma yao ikasikika mishindo ya vita: tu! tu! Kimya. Tu!

"Tayari," mzee akanguruma. "Na umepita mstari."

Vifijo vikapigwa. Binti Mirija akakiinua kichupa dirishani, na uso wake ukashuka. Kulikuwa na povu tupu, mate yenyewe hayafuniki hata kitako.

"Baba, povu halihesabiwi."

"Nani katunga sheria hiyo?"

"Mashine, baba. Haisomi povu."

"Basi kinywa kimekauka. Mwambie mashine yako kimekauka." Akaketi kwa kishindo.

Binti Mirija akamrudishia kichupa, akamwona mzee anavyokizungusha kati ya vidole bila kukitazama. Alikuwa amekaa na wagonjwa miaka mingi. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Si mate, sivyo, baba?"

"Si mate," akasema mzee, na ile ngurumo yake haikuwepo. "Ukinikuta nalo, maana yake nimewapa wanangu. Nimewasomesha, nimewaoza, nimewauguza surua. Halafu na hili niambiwe nimewapa mimi? Bora nife sijui."

Fundi cherehani akasogea mbele kutoka ukutani. Maisha yake yote hakuwahi kumjibu baba yake zaidi ya "ndiyo" na "nimesikia". Leo sauti ilimtoka, ikiwa nyembamba, lakini ilitoka.

"Baba, kama umenipa, umenipa bila kujua, na sina kinyongo. Lakini dawa ya kujua imefika mpaka sebuleni, na wewe umeizuia mlangoni. Mwakani natimiza arobaini na minne. Naogopa, baba. Naogopa kila siku."

Mke wa mzee alifungua kile kitambaa cha pipi akakifunga tena, bila sababu.

"Kweli kimekauka," mzee akasema polepole, akijaribu ulimi wake. "Wallahi, binti yangu, sasa nataka na hayatoki."

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo silaha ya mwisho ilipoletwa. Fundi cherehani alikwenda jikoni akarudi na ndimu, kisu na chumvi. Akaketi uso kwa uso na baba yake. Akaikata ndimu, tone likaruka. Akainyunyizia chumvi. Akaiuma, akafumba jicho moja, akaifyonza kwa sauti mpaka maji yakamchuruzika kidevuni.

"We mtoto!" mzee akapiga kelele. "Acha ukatili!"

Lakini wapi! Mtu huweza kuamuru watoto saba, hawezi kuamuru mate yake. Kinywa kikafurika kama bomba lililopasuka. Mzee Msimamo akakidaka kichupa, na safari hii hakumwambia mtu ageuke. Akatema taratibu, akatema tena, mke wake akihesabu kwa kunong'ona, mpaka mate safi yasiyo na povu yakaugusa mstari mweusi, yakaupita kwa unene wa ukucha.

Binti Mirija akafunga kifuniko, akatikisa mara tano, akaandika namba. Mililita mbili! Pigeni vigelegele, enyi vizazi! Wamekuja wafalme na wakaenda, na hakuna hata mmoja aliyeliteka jambo hili! Mke wa mzee alilia wazi, akamlipa mumewe pipi zote nne.

Mzee hakuila hata moja. Alikuwa akikitazama kichupa mkononi mwa mtafiti. "Ndugu zangu watatu," akasema, "hawakuletewa hiki." Kisha akajikaza. "Haya, wapigieni simu wale sita, waje leo leo! Na wewe, mwanangu, chukua chako uanze."

Fundi cherehani akanyoosha mkono.

"Ngoja!" Mzee Msimamo akasimama wima, kidole juu. "Huyu amekula ndimu! Nimemwona kwa macho yangu. Nusu saa, daktari, au siyo?"

"Nusu saa, baba," Binti Mirija akakiri.

"Sheria ni sheria. Mama, chai isionekane hapa."

Akamlinda mwanawe dakika thelathini nzima, macho kwa saa, macho kwa shavu lake. Na ilipotimu saa tano na dakika ishirini na mbili, na waandishi wa tarehe waandike hivyo, Mzee Msimamo alikiinua kiti chake mwenyewe, akakigeuza kikaelekea ukuta, akaketi na kumpa binti yake mgongo.

"Tema, mwanangu," akasema. "Na povu halihesabiwi."