Nani Aligonga Mlango Misa Ikirekodiwa?

Jumatatu, 3 Oktoba
Barua! Santuri ya Misa ya Wafu, ile tuliyorekodi 1968 tukiwa kwaya ya watu mia mbili, inasafishwa upya. Jumamosi itapigwa kanisani. Waimbaji walio hai watakaa mbele na kuvishwa nishani. Tumebaki wawili: mimi na Enid Sugden. Tatizo moja tu. Sikuimba. Siku ile nilichelewa, nikakuta mlango umekomewa, nikagonga wee, nikarudi zangu nyumbani. Tangu hapo najitapa kwamba niliimba sauti ya tatu. Miaka arobaini na mitatu! Hata marehemu mke wangu hakujua.

Jumanne, 4 Oktoba
Craig, fundi anayesafisha, amepiga simu. Ameondoa mikwaruzo, na sasa pale kwaya inaponyamaza anasikika mtu akigonga mlango. Kisha anasema kitu. Maneno bado hayaeleweki, ila hadi Jumamosi atakuwa ameyasafisha. Chai imenishinda. Nakumbuka vizuri sana nilichosema.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimempelekea Craig pai ya nguruwe, kubwa. Nikamwambia yule ni marehemu Harold, mtunza kanisa, mlevi kupindukia. (Harold hakuwahi kuonja hata bia. Mungu anisamehe.) Akate tu kipande hicho, kumsitiri marehemu. Akakubali! Ila lazima Enid naye, kwa kuwa ni mwimbaji aliyebaki, aridhie. Enid kagoma. Eti hii si ni misa ya wafu, basi mwacheni Harold naye asikike. Na pai imeshaliwa.

Jumamosi, 8 Oktoba
Kanisa pomoni. Nishani mbili mezani, hatua mbili kutoka kifuani pangu. Kwaya ikanyamaza. Nikaanza kukohoa kwa nguvu zote. Enid akanipa peremende, nami kwa mazoea nikaitia mdomoni, kikohozi kikakatika. Mjinga mimi! Ngo, ngo, ngo. Halafu sauti yangu ya ujana, safi kabisa: "Fungueni jamani, ni mimi, Wilfred!"

Watu mia tatu wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Enid akaniinamia sikioni.

"Nilikusikia siku ile, Wilf. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Nikasema moyoni, bora abaki huko huko, anaimbia puani."

Nikamuuliza mbona hakusema miaka yote hii.

"Ulikuwa unafurahi mno ukisimulia."

Jumapili, 9 Oktoba
Jana Enid alivishwa nishani peke yake. Nimelia kidogo, nakiri. Kisha nikatafakari. Kati ya sauti zote zilizomo kwenye santuri, ni moja tu inayojulikana ni ya nani. Nimemwandikia Craig: jina langu likae kwenye jalada, juu ya la Enid, kama mwimbaji pekee, yaani wa solo. Nimeuliza pia kama nishani ya mwimbaji pekee huwa kubwa zaidi.