Malalamiko Dhidi ya Mfamasia Aliyetoka Dirishani

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Tiba,
Profesa Nyakio,

KUH: OMBI LA KUWARUDISHA WAFAMASIA MAHALI PAO

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Joash Oyoo, mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Muhula huu, Profesa, uliagiza sisi na wanafunzi wa famasia tuwahudumie wagonjwa tukiwa wawili wawili, ili tujifunze kushirikiana. Nilipangiwa zahanati moja huko Riruta pamoja na dada anayeitwa Nzula. Nina malalamiko yafuatayo:

1. Nzula ana miguu. Tangu utotoni nimewaona wafamasia kupitia dirisha dogo, kuanzia kifuani kwenda juu, na mpango huo ulinitosha kabisa. Huyu alizunguka, akaingia kwa mlango, akavuta kiti na kuketi kando yangu. Hakuna somo lililonitayarisha kwa jambo hilo.

2. Anasoma mwandiko wangu kwa sauti. Akikwama, ananiuliza mbele ya mgonjwa, "Joash, hapa ulimaanisha nini?" Profesa, nimefanya bidii miaka yote hii ili nisisomeke. Siku nyingine hata mimi sijui nilimaanisha nini, lakini hilo ni suala langu na kalamu yangu.

3. Ameninyang'anya ugonjwa. Alikuja Mzee Kiarie, ambaye kila akisimama alikuwa anaona kizunguzungu na kushika ukuta. Nilimpima kwa makini nikampata na ugonjwa wa nadra sana, wenye jina refu la Kilatini. Nilimweleza kwa upole. Mzee akampigia bintiye Jackie simu na kuanza kumgawia kuku. Hapo Nzula akamwita babu kwa Kikuyu, akamwuliza, "Guka, kwani nyumbani unatumia dawa gani?" Mzee akatoa pakiti mbili mfukoni. "Ni hizi za presha tu. Hii nilinunua hapa Riruta, nameza asubuhi. Hii Jackie aliniletea kutoka Kilimani, nameza jioni." Nzula akazigeuza, akasema, "Guka, hii ni dawa moja. Ni majina tu ndiyo mawili." Daktari msimamizi akaisimamisha moja. Wiki iliyofuata mzee alirudi akitembea wima kama askari, akiwa amewarudisha kuku wake wote. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa mhadhara kuhusu ule ugonjwa, Profesa. Nani atanifidia?

4. Ameingia hadi kwetu. Mamangu, Bi Rachael wa Uthiru, alinitembelea zahanatini mara moja tu, akaondoka na nambari ya Nzula. Jumapili aliniuliza kuhusu dawa yake ya magoti. Nilimfafanulia kirefu, kuanzia mfupa wenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipakulia chapati nyingine, akasema, "Asante baba. Sasa wacha niulize Nzula."

5. Ile hojaji yenu inaonea. Iliuliza kama madaktari na wafamasia washirikiane, na kisanduku cha chini kabisa kilikuwa "Sikubali kabisa". Hakikunitosha. Nilichora changu chini yake, lakini karatasi iliisha.

Kwa hivyo naomba wafamasia wote warudishwe nyuma ya dirisha. Tundu lipunguzwe, lipitishe kidonge lakini lisipitishe swali. Ikiwa hilo halitatosha, wajengewe jengo lao ng'ambo ya barabara kuu ya Waiyaki Way, na mawasiliano yote yafanywe kwa ishara za mikono. Wagonjwa nao waapishwe kwamba hawatabeba dawa mfukoni.

Nisalimie wahadhiri wote, mabawabu wa getini, akina mama wa kantini, na hata walimu wa famasia, kwa kuwa mimi sina ubaya na mtu.

Ni mimi, mwenye heshima iliyopungua,
Joash Oyoo

N.B. Nilimpa Nzula barua hii aikague, kwa sababu sikuwa na uhakika na tahajia ya ugonjwa. Aliisoma yote bila kucheka, akasema niitume baada ya chakula. Nilienda nikala, na niliporudi sikuona tena haja ya kuituma. Akaniambia nikishaanza kitu lazima nimalize, hata nikijisikia nafuu. Basi hii hapa. Jumatatu vikundi vinapangwa upya. Tafadhali usinitenganishe naye, nina wagonjwa wanaonitegemea.